Bunduki ya Babu Irudi Kituoni, Nishani Zake Zisomwe

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo.

Wamo humu walionisikia nikilisema jambo hili arusini, hitmani, hata barazani kwenye kahawa, na nawaona wameshaanza kutazamana. Nitalisema tena. Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye nyumba moja Makorora, nikakuta kile kile ninachokikuta miaka yote. Mzee kafariki, arubaini haijafika, na watoto wake wamekaa uani wanagombea bunduki. Nishani zake ziko uvunguni, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na misumari na betri zilizovuja. Nikauliza, "Hizi za nani?" Mmoja akanijibu, "Vyuma vya mzee hivyo, Mwalimu." Vyuma!

Sitawahadithia vita vya Tanga vya Novemba 1914. Kila mtoto wa mji huu anajua Waingereza waliteremka Raskazone na habari ya nyuki waliowashambulia anaijua. Nataka jambo moja tu humo. Waingereza walipokimbilia meli zao waliacha nyuma bombomu 16, yaani bunduki za rashasha, risasi 600,000, na bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na zaidi. Askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zile za baruti nyeusi, ukipiga moja tu moshi unakusimamia kichwani na adui anajua ulipolala. Basi bunduki zilizoletwa kuwaua ndizo walizozishika, na ndizo walizowapigia Waingereza baadaye. Bunduki haimjui mwenyewe. Haimjui babu yako. Aliyeishika ndiye inayemtumikia, awe mjukuu mwema au mwizi aliyepita dirishani. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, hii bunduki ndiyo kumbukumbu ya baba," mimi nakataa, na leo nitawaeleza kwa nini nakataa kwa nguvu hivi.

Iko familia moja ya Ngamiani. Wameniruhusu kusimulia, jina nimeahidi sitalitaja. Mzee wao alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki; aliandikishwa 1940 akiwa kijana, wakati wa vita vya pili vya dunia. Alipokuja kuacha jeshi akalima shamba upande wa Muheza, na alikuwa na bunduki yenye leseni, kwa ajili ya nguruwe. Alipofariki, mtoto mkubwa akaichukua. Akawaambia nduguze: "Hii ndiyo baba aliyopigania Burma." Nduguze wakanuna, maana kila mmoja aliitaka hiyo iliyopigania Burma. Miezi mitatu watu wa tumbo moja hawasalimiani.

Nikaomba niione. Ilikuwa bunduki ya marisau, mitutu miwili! Ndugu zangu, Keya hawakumpeleka askari kwa Mjapani na bunduki ya kupigia kanga. Askari wa Keya alipewa raifo ya serikali, ina namba, akiipoteza ni kesi, na siku ya kuachishwa jeshi anairudisha ghalani kabla hajashika nauli yake. Kwa hiyo kilichoko uvunguni kwenu, mkiambiwa kilitoka vitani, kina moja kati ya mawili. Ama mzee alikinunua baadaye kwa ajili ya shamba, na hadithi ya vita mmeibandika nyinyi. Ama kimefika hapo kwa njia ambayo hamtapenda kumweleza OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Na ile leseni? Leseni ya bunduki ni ya mtu, haiingii kwenye mirathi pamoja na minazi na kitanda. Mwenye leseni akifa, msimamizi wa mirathi anaipeleka silaha polisi, na mtoto anayeitaka anaomba kwa jina lake mwenyewe, achunguzwe yeye. Yule mkubwa hakufanya hivyo. Aliiweka nyuma ya kabati miaka sita. Siku ya Idd, watu wako sebuleni wanakula, mjukuu wa miaka tisa akaitoa kuwaonyesha wenzake "bunduki ya babu ya Burma". Ilikuwa na risasi. Marisau yalipita juu ya kichwa cha dada yake kiasi cha shubiri, yakatoboa bati. Nilikwenda siku ya pili, nikasimama chini ya lile tundu, jua linaingia. Yule mtoto hakusema neno mpaka jioni.

Ndipo wakanionyesha kopo. Nikaomba mkeka, nikazipanga kwa mstari. Zilikuwa tano. Tatu ni nyota za pembe sita, rangi ya shaba; mbili ni za duara, nyeupe. Tepe zimeliwa na mende.

Nyota ya kwanza imeandikwa miaka, 1939 hadi 1945. Ya pili imeandikwa Afrika. Mkubwa akasema, "Hii walipewa Waafrika wote." Nimelisikia hilo mpaka nimechoka, na si kweli. Nyota ya Afrika haikutolewa kwa rangi ya mtu. Hata Mzungu wa New Zealand aliyepigana Misri anayo. Inataja mahali na wakati. Kwa waliopigana upande wetu huu, Uhabeshi (Ethiopia) na Somalia, inahesabiwa tangu 10 Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, hadi 27 Novemba 1941, Gondar ilipoanguka. Maana yake nini? Maana yake baba yao aliingia jeshini na hakukaa kambini akipiga gwaride. Alipelekwa kupambana na Mtaliano. Hawakuwa wakijua. Waliijua Burma tu, kwa sababu Burma ndiyo inayoimbwa.

Ya tatu ndiyo hiyo Burma. Utepe wake, kama mnao nyumbani, ni mwekundu katikati, buluu nzito kila upande, na katika buluu umepita mstari wa rangi ya chungwa, ndilo jua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua kubwa za kule, matope na malaria, na Desemba ikaukuta mto Chindwin pale Kalewa. Watanganyika zaidi ya 80,000 walichukuliwa katika vita ile, kila mmoja na kazi yake: mpiganaji, dereva, mpishi, mbeba machela.

Ya nne, ya duara, ina kichwa cha Mfalme George wa Sita amevaa taji. Igeuze: simba amemkanyaga joka la vichwa viwili. Hiyo ni Medali ya Vita, na aliyetumikia siku 28 tu aliipata. Kwa hiyo msiniambie ni ya ushujaa. Nishani za ushujaa zipo, na askari wa Keya walizipata, lakini hizi nne ni za kusema alikuwepo. Nasema haya kwa heshima. Kuwapo pale Kabaw kulitosha, hakuhitaji kuongezewa chumvi na wajukuu.

Sasa sikilizeni vizuri. Nikazishika zile nne moja moja, nikatazama ukingoni na mgongoni. Hakuna jina. Hakuna namba. Medali za vita vya kwanza zilichongwa jina la askari. Za vita vya pili, Afrika Kusini walichonga, Australia walichonga; Uingereza hawakuchonga. Askari wetu walipewa vitu visivyo na jina. Kopo lile likiuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu leo, kesho hakuna mwanadamu anayeweza kusema zilikuwa za nani.

Ikabaki ya tano. Nilipoigeuza nikaona kichwa cha mwanamke. Hapo hapo nikajua haikutoka kwenye vita vya Hitler, kwa sababu Elizabeth alishika ufalme Februari 1952. Juu yake kuna kipande chembamba cha fedha kimeandikwa Kenya. Na ukingoni, herufi ndogo zimechongwa: namba, cheo, jina la baba yao.

Nikawaeleza. Hiyo walipewa waliotumikia Kenya tangu Oktoba 1952 hadi Novemba 1956, katika vita dhidi ya Mau Mau. Uani pakanyamaza. Kumbe mzee alipotoka Burma hakuacha jeshi. Kisha bibi, mjane wake, aliyekuwa ndani muda wote, akasema kupitia pazia, "Mimi aliniambia anakwenda Nairobi kulinda ghala."

Mkubwa akasimama. Akasema hii tuitupe, nne zinatosha. Nilimshika mkono. Nikamwambia: mwanangu, hiyo ndiyo pekee yenye jina lake. Ukiitupa hiyo, zile nne zinakuwa za mtu yeyote. Kwa hiyo hiyo unayoionea haya ndipo tunapojua kwamba mwenye kopo hili ni baba yako. Wakaketi tena. Bibi akaja kukaa nasi mkekani, akaanza kusimulia: namna alivyokuwa akiamka usiku, namna alivyokataa kwenda Nairobi hata kwa harusi ya mpwa wake. Tulikaa mpaka magharibi. Mambo yale wasingeyapata kwenye mtutu wa bunduki hata wangeupangusa mafuta miaka mia.

Najua wapo wanaosema moyoni: Mwalimu anatusomesha nishani za mkoloni. Ndiyo, ni za mkoloni. Kusoma si kusujudu. Mkoloni alimtumia babu yako Uhabeshi, akamtumia Burma, kisha akamtumia dhidi ya mtu aliyekuwa akidai ardhi yake, na hiyo medali ndiyo ushahidi wa alivyotumiwa. Unataka kuutupa ushahidi? Pale Dar es Salaam kambi ya Lugalo iliitwa Colito, jina la mahali Uhabeshi walipopigana Keya wa Tanganyika mwezi Mei 1941. Na humo humo, Januari 1964, ndimo askari wetu walipoasi. Historia hii ni yetu, na haina mtu mwingine wa kuisoma.

Na wapo wa mashamba, wa Handeni na Pangani: "Nguruwe wanamaliza muhogo wangu." Nakuelewa kabisa, mimi mwenyewe nimelima. Sikukatazi bunduki. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikukatazi. Nenda kaombe leseni kwa jina lako, ueleze shamba liko wapi. Ninachokikataa ni kuishika kwa jina la marehemu. Na gobole pia ni silaha. Msiniambie gobole halihesabiwi kwa kuwa alilifua fundi wa kijijini.

Mwingine anaogopa: nikiipeleka nitakamatwa. Basi fuatilia tangazo la msamaha. Umoja wa Afrika umeuweka Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha, na serikali yetu imeshatoa nafasi hiyo; mwaka 2022 ilikuwa tangu 1 Septemba hadi 31 Oktoba, unarudisha na hushitakiwi. Zungumza kwanza na mwenyekiti wa mtaa au polisi kata. Usiipakie kwenye bodaboda imefungwa kwenye kanga ukapita nayo sokoni!

Naonyeshwa saa. Basi mengine haraka.

Msizisugue nishani kwa limao na majivu. Mnafuta jina. Kitambaa kikavu kinatosha. Utepe uliochakaa usitupwe, hata uzi mmoja wa rangi unatuambia kitu. Cheti cha kuachishwa jeshi kikiwepo kiwekwe pamoja na nishani, kisipelekwe kwa mtoto mwingine kana kwamba ni kugawa haki. Cheti kina jina, nishani hazina, vikitenganishwa vyote viwili vinakufa. Picha nayo, angalieni: Tanga hii ilicheza beni, ngoma ya kuigiza jeshi, na beni ilikuwa na majenerali na wafalme wake, mikanda na vyeo. Si kila mzee aliyesimama kijeshi pichani alikwenda vitani.

Na wa vita vya Kagera, nilitaka kuzungumza nao kwa kirefu, sitaweza leo. Ninyi mko hai. Andikeni sasa, mlivuka lini, mlikuwa na nani, nani hakurudi. Msisubiri mjukuu aje kuniuliza mimi kwenye mkeka. Mimi sikuwapo.

Waliokuja na makopo yao, meza iko pale dirishani, kwenye mwanga. Mama wa kanga ya njano, wewe umefika tangu saa nane, anza wewe. Kama kuna karatasi yoyote humo ndani, usiikunjue, niletee mimi niikunjue polepole.