Tuma linki, usitume video yenyewe

Haya wandugu, asanteni kwa kuja, na wale wa nyuma sogeeni kidogo. Leo hapa Arua naongea jambo moja tu, linki ya video, vile unaitengeneza mpaka ifunguke kwa mtu unayemtumia. Nalijali sana hili. Mwaka tulipomzika nyanya yetu nilirekodi mazishi yote, nikapandisha YouTube, nikatuma linki kwenye grupu la familia, na shangazi yangu aliyekuwa Juba, hakuweza kufika, alikesha anaibonyeza tu na inamwambia video ni ya faragha. Mimi nilikuwa nimelala. Mpaka leo inaniuma.

Kosa lilikuwa langu kwenye seting. YouTube inakupa njia tatu. Ya wazi, hiyo kila mtu anaiona hata kwa kutafuta. Ya faragha, hiyo wanaiona tu wale uliowaalika kwa imeili zao, na mwisho ni watu 50. Halafu kuna isiyoorodheshwa, ambayo mtu akitafuta haipati lakini mwenye linki anafungua moja kwa moja bila kuomba ruhusa, na kwa mambo ya familia, kwaya, masomo ya darasani, mimi nachagua hiyo. Ila mjue, yeyote aliye nayo anaweza kuifowadi kwa mwingine, kwa hiyo kitu cha siri kabisa usikiweke hapo. Google Drive nayo ni vilevile, usipobadilisha iwe kila mwenye linki anaweza kuona, watu watakuandikia usiku kucha wanaomba ruhusa.

Sasa mtu ataniuliza, si nitume tu video yenyewe WhatsApp? Unaweza, lakini WhatsApp inaibana, picha inapungua ubora, na kila mmoja kwenye grupu akiifungua inadaunilodiwa kwenye simu yake, inamjazia simu, na bando tunalonunua hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa linki mtu anashusha ubora mpaka 144 akitaka, anaangalia kipande anachokihitaji, anaacha.

Na kipande chenyewe unaweza kumwonyesha. Video ni ya saa mbili, wimbo uko dakika ya 12 na sekunde 20, hiyo ni sekunde 740, basi mwisho wa linki unaongeza ?t=740 na inaanzia hapo hapo. Kama linki tayari ina alama ya kuuliza, maana ukibonyeza shea siku hizi YouTube inaweka ?si= na herufi nyingi za kufuatilia nani kashea, unaandika &t=740, ama unafuta hiyo ?si= pamoja na herufi zake zote, video itafunguka tu. Kinachohitajika ni zile herufi na namba 11 za video, na herufi kubwa na ndogo si sawa, kwa hiyo usimsomee mtu kwa simu aandike, kopi, pesti.

Facebook sishauri, tangu ifungwe hapa Januari 2021 wengi wanaingia kwa VPN tu, ile programu ya kukwepa kizuizi, mzee wa kijijini utamwambia nini.

Kabla hujatuma, fungua linki kwenye simu ya mtu mwingine, ama toka kwenye akaunti yako ujaribu. Simu yako itakufungulia tu kwa sababu video ni yako, na ndivyo nilivyodanganyika mimi. Asubuhi ile nilibadilisha seting, linki ileile ikafunguka, shangazi akaandika neno moja tu, nimeona.