Siku ya upepo nani anailipa?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kupanda minara ya simu, kwa kuwa wengi hapa Ujiji mnaiulizia. Swali la kwanza huwa lilelile: inalipa? Inalipa. Ila niulizeni inalipa vipi.

Mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa siku. Ukifunga antena, umekula. Ukishuka kwa sababu upepo wa ziwa umechachamaa, umeshuka na njaa yako. Mimi naiogopa hiyo kuliko urefu. Mtu hajalala, mtoto anaumwa, anajua mikono leo haiko sawa, lakini atapanda, maana akisema "leo siwezi" amejikata ujira mwenyewe. Woga anaumeza. Baadaye unamtokea kwingine: anakagua boliti ileile mara tatu, ndoano ya kamba anaisahau, usiku anaota anaanguka, nyumbani amekuwa mkali bila sababu. Wakwezi wa michikichi mliomo humu naona mnatabasamu. Mnaelewa.

Tena si lazima uanguke ndipo ufe. Ukining'inia kwenye mkanda wa usalama bila kusogeza miguu, damu hukusanyika miguuni, ubongo ukapungukiwa, ukazirai, na hata kufa hukohuko juu. Kwa hiyo mkandarasi akikupa mkanda, muulize: nani atanishusha? Akijibu kwamba atapiga simu mjini, usipande.

Kule San Francisco, Marekani, walipojenga daraja la Golden Gate, lililofunguliwa 1937, mhandisi Joseph Strauss alitandaza wavu chini ya wajenzi. Uligharimu zaidi ya dola 130,000, na uchumi ulikuwa umeanguka vibaya. Watu 19 walidakwa wakiwa hai. Haukuwa muujiza: jukwaa lilipoporomoka liliuchana, wakafa 10 siku hiyo moja. Lakini gharama haikutoka mfukoni mwa kibarua.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Mchango wa mfuko wa fidia hulipwa na mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Tatizo ni kijana anayechukuliwa stendi asubuhi, bila karatasi.

Mama pale nyuma ameuliza kama amruhusu mwanawe. Mama, alete mkataba kwanza tuusome. Tutafute siku ya upepo imeandikwa shilingi ngapi.