Sumu Isiyojua Adui: Mkemia na Dawa za Saratani
(Mhadhara kwa wanafunzi na wananchi, Kampala)

Wazee wangu, walimu, wanafunzi, hamjambo.

Kila nikisema kazi yangu ni kuunda kampaundi za kemia ogania ambazo huenda zikawa dawa za saratani, naulizwa: "Daktari, kwani mululuza, ule mmea wa majani machungu, hauponyi?" Silidharau swali hilo. Mululuza kweli una kitu. Mwaka 1969 mkemia Mmarekani, S. Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kampaundi waliyoitoa kwenye mmea huo, vernodalini, nayo huua seli za saratani maabarani. Matatizo yanaanzia hapo hapo. Kuua seli ndani ya kisahani si kazi, hata jiki inaua. Kazi ni kuziua za uvimbe na kuacha ini, uboho wa mifupa na matumbo ya mgonjwa vikiwa salama.

Vernodalini haichagui. Molekuli yake ina mahali pakali, kaboni mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu kando ya pete ya laktoni, yaani pete ya atomi yenye oksijeni ndani yake, na hapo hunasa salfa ya protini yoyote inayopita karibu. Iwe protini ya uvimbe, iwe ya moyo, kwake ni mamoja. Kwa hiyo jirani akikuletea kikombe cha majani hayo, mshukuru, lakini kliniki usiiache.

Kupchan huyo huyo, mwaka 1972, alitangaza maitansini, iliyotoka kwenye mti wa jenasi ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Ndugu yake mti huo alikuja kuchumwa Shimba Hills, hapo Kenya. Hiyo ni sumu kali ajabu. Ilipojaribiwa kwa watu miaka ya 1970, iliwatesa wagonjwa kwa kutapika, kuhara na ganzi, ikawekwa kando. Ingeishia kabatini, ila baadaye wakemia waliibadilisha kidogo na kuifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoitambua protini ya HER2, ambayo hujaa kwenye baadhi ya saratani za titi. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli tatu na nusu za sumu. Seli ya uvimbe huimeza, huivunjavunja, na sumu hufunguka ikiwa tayari ndani. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, mwaka 2013. Sumu ni ya ukoo uleule, kilichoongezwa ni msafirishaji, yaani kingamwili, na kifungo kinachoishikilia sumu kwake. Mimi naona wakemia waliounda kifungo hicho hawajapewa heshima yao. Magazeti hupenda mti.

Hospitali ya Mulago, hapa Kampala, nako wanaijua habari ya namna hii. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alipoeleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, wakemia wa Ujerumani walikuwa wameunda siklofosfamidi. Walichukua haradali ya naitrojeni, jamaa ya gesi ya vita, wakaizuia kwa pete yenye fosforasi, wakitumaini vimeng'enya vya uvimbe ndivyo vitakavyoifungua. Kumbe ini ndilo huanza kuifungua! Nadharia ilianguka, dawa ikasimama: baadhi ya watoto walitibiwa kwa dozi chache tu, na taya zikanywea. Ugonjwa huo ndio uliochangia kuzaliwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967.

Sasa sisi. Tunachukua vernodalini na kuliziba lile eneo kali kwa kipande cha amini, yaani kampaundi yenye naitrojeni, kinachoweza kujitoa polepole mwilini. Faida nyingine ni kwamba kampaundi inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji, jambo ambalo muuguzi mwenye dripu mkononi atalithamini kuliko profesa. Kisha tunabadilisha sehemu nyingine za molekuli, moja baada ya moja.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kila hatua ya kuunda ukiokoa asilimia 80 ya kampaundi, na wengi wenu mtaona hizo ni alama nzuri, baada ya hatua 10 umebaki na asilimia 11 hivi. Nyingine imebaki kwenye kolamu, ile mirija ya kusafishia kampaundi, kwenye chujio, na kwenye uchafu wa kahawia ambao hakuna anayeutaka. Ndiyo maana tunapigania kupunguza hatua hata moja.

Kila kampaundi mpya tunaijaribu kwa seli za saratani na seli zenye afya pamoja, kwa vipimo vilevile. Inayoua zote sawasawa inaandikwa daftarini na haiendelei, hata kama imetugharimu muhula mzima kuiunda.