Mnara Unasikika, Simu Haisikiki

Mabibi na mabwana, ramani ya mtandao ya kampuni yoyote ya simu hupakwa rangi kuonyesha mahali huduma ilipofika. Rangi ile ina maana moja tu, kwamba mnara unasikika hapo. Kama mnara nao unamsikia mwenye simu, ramani haisemi. Kama mnara wenyewe umeunganishwa vizuri na dunia nyingine, haisemi pia. Kwa takwimu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, za mwaka 2024, watu 83 katika kila 100 wa mijini hutumia intaneti, na vijijini ni 48. Sehemu ya pengo hilo ni umaskini, bei ya simu na lugha. Hayo yana wasemaji wake. Leo tushughulikie ile sehemu iliyo angani na kwenye nyaya.

Tuanze na simu yenyewe. Mnara wa 4G kwa kawaida hurusha wati 40 hivi kwa chaneli moja. Simu iliyo mkononi mwako imewekewa ukomo wa wati 0.2, yaani nguvu ndogo mara 200. Mmoja ameshika kipaza sauti, mwenzake ananong'ona. Mnara hujitahidi kutega sikio kwa antena mbili au nne na vipokezi bora, lakini pengo haliishi. Vile vijiti vya netiweki juu ya kioo hupima jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Unaweza kuona vijiti vitatu na usitume hata picha moja.

Simu iliyo mbali hufanya ujanja. Chaneli ya megahezi 20 imegawanywa vipande 100, kila kimoja kilohezi 180. Simu ya pembezoni hukusanya wati zake zote kwenye kipande kimoja au viwili ili isikike. Inasikika kweli, lakini kwa mrija mwembamba: ujumbe mfupi unapita, sauti ya WhatsApp inakatika, fomu ya mtandaoni inazunguka mpaka muda wake unakwisha. Na msidhani anayepakua tu amesalimika. Kurasa za intaneti husafiri kwa vifurushi, na simu lazima irudishe risiti kwamba vimefika. Risiti zikichelewa, upande wa pili unapunguza mwendo ukidhani njia imejaa. Kwa hiyo kupakua hukwama kwa sababu ya kupakia.

Hapo ndipo suala la masafa linapoingia, yaani wimbi hutetema mara ngapi kwa sekunde, hesabu inayopimwa kwa megahezi. Angani pasipo kizuizi, kati ya antena zenye uwezo uleule wa kulenga wimbi, wimbi la megahezi 3500 hupungua kwa desibeli 14 zaidi ya lile la 700 kwa umbali uleule; desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu. Desibeli 14 ni mara 25. Weka miti, vilima na kuta, tofauti inazidi kupanuka. Ndiyo maana kila mtu hutaka masafa ya chini kwa vijijini. Lakini masafa ya chini ni machache: kampuni mara nyingi huwa na megahezi 10 za kwenda na 10 za kurudi, wakati kwenye 3500 inaweza kupewa 80 au hata 100. Wimbi linalofika mbali ni barabara nyembamba. Chaneli ya megahezi 10, kwa matumizi halisi ya watu waliotawanyika, hutoa kama megabiti 17 kwa sekunde kwa upande mmoja wa mnara. Saa mbili usiku, watu 30 wakitumia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na kama megabiti nusu. Tangazo lenye neno "hadi" mbele ya kasi linaeleza hali ya mtu mmoja aliyesimama peke yake chini ya mnara usiku wa manane.

Mjini hesabu ni nyingine. Mnara unaohudumia kilomita moja kila upande unafunika eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Penye watu 10,000 kwa kilomita ya mraba hao ni watu 31,000. Kijijini mnara uleule ukinyooshwa mpaka kilomita 10 unafunika kilomita za mraba 314, na penye watu 10 kwa kilomita ya mraba unapata watu 3,140. Eneo mara 100, wateja sehemu moja ya kumi, na gharama za uendeshaji ziko juu zaidi. Siitetei kampuni yoyote. Nasema anayetaka kubadilisha matokeo lazima aguse mojawapo ya tarakimu hizi.

Sasa njia ya pili ya kurudi, kutoka mnara kwenda kwenye mtandao mkubwa. Mjini ni faiba. Kijijini mara nyingi ni sahani mbili za maikrowevu zinazotazamana, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Chukua kiungo cha kilomita 20 kwa gigahezi 7 juu ya ardhi tambarare. Haitoshi kuona mnara wa pili kwa darubini, maana wimbi linahitaji nafasi pande zote za mstari wa macho. Katikati ya safari nafasi hiyo, inayoitwa eneo la Fresnel, ina nusu kipenyo cha mita 14.6, na asilimia 60 yake lazima iwe wazi: karibu mita 9. Ongeza mita 6 za mzingo wa dunia. Jumla mita 15 juu ya mti mrefu kuliko yote ya katikati. Miti ikiwa mita 15, minara miwili ya mita 30 inapita kwa uwembe. Miaka michache baadaye miti imeongezeka mita 3, na kiungo kinaanza kuyumba alfajiri, hewa inapolipinda wimbi tofauti na mchana. Fundi akifika saa nne asubuhi anakuta kila kitu kizima.

Kosa lingine ni la kulenga. Sahani ya mita 1.2 kwa masafa hayo ina mwali mkuu wa mawimbi wenye upana wa digrii 2.5 tu, na kando yake kuna vijimwali vya pembeni vilivyo dhaifu kwa desibeli 20 hivi. Fundi mwenye haraka hunasa kijimwali, akaona taa ya kijani, akashuka. Kiungo hufanya kazi bila akiba yoyote ya nguvu, na hali ya hewa ikibadilika tu kinakufa. Dawa yake ni kuizungusha sahani polepole kulia na kushoto mpaka umekutana na vilele vitatu, ukafunga kwenye cha katikati, halafu ukarudia juu na chini. Ukimaliza, linganisha nguvu uliyopata na ile iliyokokotolewa kabla; tofauti ikizidi desibeli 3, usishuke mnarani.

Pasipokuwa na mstari wa wazi kabisa hubaki setilaiti. Ile iliyotulia kilomita 35,786 juu hugharimu kama nusu sekunde kwa swali na jibu. Zile za chini, za kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo, na zinaweza kubeba mnara mdogo wa kijiji vizuri.

Umeme nitaupitia kwa haraka. Mnara unaokula kilowati 1 unahitaji kilowati-saa 24 kwa siku. Kwa jua la saa 5 zenye nguvu kamili, paneli za kilowati 4.8 zinatosha kwenye karatasi. Ukihesabu upotevu, vumbi na kujaza betri baada ya mawingu, weka 8. Betri za siku mbili ni kilowati-saa 48, na kwa lithiamu inayotumika asilimia 80 unanunua 60. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila digrii 10 juu ya 25, hivyo kuzifungia kwenye kontena la bati ni kuzichoma. Mnara mdogo unaokula wati 300 hupunguza hesabu yote hiyo kwa zaidi ya theluthi mbili, na kwa vijiji vingi unatosha.

Kwa mtumiaji: kabla ya kununua chochote, pima. Programu za kupimia huonyesha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanapofika kwenye simu; namba zake ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo bora. Juu ya −85 ni nzuri, −100 inavumilika, chini ya −110 kupakia huanza kukatika. Pima nje, kisha ndani. Ukuta huondoa desibeli 10 hadi 20, na paa la bati ni baya zaidi. Kisha pima kasi ya kupakia usiku, wakati wenzako nao wako mtandaoni. Rauta ya nje iliyofungwa juu ya paa, ikitazama mnara, huokoa desibeli nyingi kuliko simu yoyote ya bei ghali. Iteremshie kebo ya mtandao, inayofika mita 100. Msije mkashusha mawimbi kwa kebo nyembamba ya antena: mita 10 zake kwa megahezi 1800 hula kama desibeli 8, yaani karibu faida yote ya antena.

Na vile vikuza mawimbi visivyo na kibali, visivyorekebishwa, viacheni dukani. Kikuza kibaya hukuza hata kelele na kuirushia mnara, nao mnara huanza kuzisikia vibaya simu zote za eneo hilo. Mtu mmoja ananunua vijiti vitano, kijiji kizima kinapoteza sauti.

Kuhusu leseni, kuna jambo lililowahi kufanyika Ujerumani. Katika mnada wa mwaka 2010 wa masafa ya megahezi 800, waliopata leseni walitakiwa kuanza na miji midogo na vijiji vilivyokosa huduma, hatua kwa hatua, kabla ya kwenda miji mikubwa. Mpangilio ule uligusa ile tarakimu ya wateja kwa kubadilisha foleni. Mahali pengine leseni husema "asilimia 90 ya watu", kipimo kinachoweza kutimizwa huku mashamba, malisho na barabara za katikati zikiwa gizani, kwa sababu watu huhesabiwa wanapolala. Masharti ya namna hiyo yakiandikwa upya, mstari ninaotaka kuuona humo ni huu: kasi ya kupakia, ndani ya nyumba, saa mbili usiku.