Kulisha ua wa michongoma uliodumaa

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Leo tuko Raskazone hapa Tanga, nyuma ya nyumba. Tazameni ua huu wa michongoma. Upande huu umenifika begani, ule kule haujapita goti. Miche ni ile ile, ilipandwa siku moja. Kilichotofautiana ni jinsi nilivyoilisha.

Anza na udongo. Uchote, ufumbate, halafu fungua kiganja. Umeona? Unamwagika wote. Huu ni mchanga wa pwani, haushiki kitu. Ukiweka mbolea nyingi kwa mkupuo, mvua ya masika inaishusha chini mizizi isikofika. Kwa hiyo tunalisha kidogo kidogo, na samadi ndiyo inatangulia, maana ndiyo inayoufanya mchanga ushike maji na chakula.

Mwanangu, sogeza kamera hapa. Samadi hii nimeipata kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, imelala miezi mitatu chini ya makuti. Nyeusi, inapukutika vidoleni, haina joto wala harufu ya zizi. Ya kuku ni kali zaidi, usithubutu kuiweka mbichi.

Sasa jembe. Usichimbe shinani! Rudi nyuma hadi ncha za matawi zinapoishia, piga mfereji wa kina cha vidole vinne. Mizizi inayokula iko huku. Kila hatua moja, nusu debe la samadi. Fukia, mwagilia.

Baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu, ni zamu ya urea, ile mbolea ya dukani yenye nitrojeni. Vizibo viwili vya soda kwa kila hatua, kama gramu 10, basi. Ifukie papo hapo, kwa sababu ikiachwa juani nitrojeni yake inapotea hewani. Ule upande mfupi niliuwekea urea Januari mwaka jana, udongo mkavu, tena shinani kabisa. Majani yakaungua kingo, miche minne ikafa. Iliniuma sana.

Rudia baada ya wiki sita kama mvua bado zipo. Masika yakikatika, acha.

Halafu mkasi, na glavu kwa ajili ya miiba. Kata ncha, urefu wa kidole tu. Najua roho inagoma, mtu unataka ua urefuke, lakini usipokata unapanda juu huku chini kuko wazi, kuku wanapita. Ukikata, macho ya chini yanafumuka. Sogea tena, mwanangu, huku kwenye upande mfupi. Tawi hili nililikata siku tisa zilizopita. Vichipukizi hivi vyekundu, hesabuni: kimoja, viwili, na cha tatu hiki kinachungulia.