Mlezi Akitoka Nje, Klabu Inabaki na Nani?

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zetu wa parokiani, tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru kwa kunialika nizungumze na walezi wa kujitolea wa klabu za vijana, watu wasiolipwa hata nauli na bado kila Jumamosi mchana wako kanisani wakifungua ukumbi. Nimeombwa niseme juu ya mitindo ya uongozi. Nitaanza na utafiti ambao kwenye semina nyingi hutajwa nusu tu: tunaambiwa kuna mitindo mitatu, hatuambiwi kwamba iligunduliwa katika klabu za watoto kama hizi zetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliunda klabu ndogo za wavulana wa miaka 10. Walikutana baada ya shule na kufanya kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Lewin alikuwa Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka. Kwake swali la kiongozi gani huzaa watu gani lilikuwa swali la uhai. Basi wakawapa wavulana wale viongozi wa namna tofauti kwa zamu. Wa kwanza alitoa amri: fanya hiki, shirikiana na yule, hatua inayofuata nitakwambia ukimaliza hii. Wa pili aliketi nao, wakajadili na kuamua pamoja, akiwapa ushauri pale walipokwama. Wa tatu aliwaachia kila kitu, akajibu tu alipoulizwa.

Sasa sikilizeni jambo ninalotaka mwondoke nalo. Watafiti walipanga kiongozi atoke chumbani kwa muda, kisha wakaangalia kinachoendelea. Kwenye klabu ya amri, kazi ilikuwa inakwenda vizuri sana kiongozi akiwepo; alipotoka, ikaporomoka. Kwenye klabu ya kushirikiana, kazi iliendelea karibu vilevile. Tena chini ya amri kulizuka mambo mawili: vikundi vingine vilinyong'onyea, vingine vikageukiana kwa ugomvi, na wanyonge ndio walioonewa. Wavulana walipoulizwa walimpenda nani kati ya kiongozi wa amri na yule wa kushirikiana, 19 kati ya 20 walimtaja wa kushirikiana.

Mimi nimeona klabu nyingi za kanisa zikisifiwa kwa nidhamu kwa sababu tu mlezi wake anaogopwa. Vijana wamekaa kimya, mistari imenyooka, kwaya inaimba. Mchungaji anafurahi. Halafu mlezi anahamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine, na ndani ya miezi michache hakuna klabu. Kile kilichosifiwa kilikuwa chake yeye, vijana hawakuwa na fungu humo.

Lakini msije mkaniambia basi tuwe wapole, tuwaache vijana wajiongoze. Huyo wa tatu, wa kuachia, alipata kazi kidogo kuliko wote hata alipokuwepo. Na kwenye makanisa yetu yuko kwa wingi, amejificha nyuma ya maneno ya kiroho: "Roho ataongoza." Hana ratiba, hajaandaa somo, anafika saa kumi kwa kipindi cha saa tisa, na vijana wanamalizia muda kwenye simu. Kijana aliyeacha kazi za nyumbani akaja kanisani akakuta hakuna kilichoandaliwa, ameambiwa kwa vitendo kwamba muda wake hauna thamani. Hilo naliona ni dhuluma.

Na amri nayo ina mahali pake. Mkiwa kambini kando ya ziwa, hatupigi kura nani aingie majini. Mnavuka barabara kuu na watoto 30, mtu mmoja anasema simama, wote wanasimama. Mlezi aliyezoea kuwashirikisha vijana katika mambo mengine akisema simama, wanajua kuna sababu.

Kuna ugumu mmoja wa hapa kwetu ambao watafiti wa Iowa hawakuwa nao, na naomba tuukalie kidogo. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kanisani tunashuka hata chini ya hapo. Kwa hiyo kwenye benchi moja ameketi mtoto wa kidato cha kwanza, dada wa chuo, fundi gereji mwenye mtoto, na kaka wa miaka 33 ambaye amekuwa mwenyekiti wa vijana tangu wengine wakiwa Sunday School. Ukiwaongoza wote kwa mtindo mmoja utawapoteza nusu. Yule wa kidato cha kwanza akipewa kazi ya kukusanya majina ya wanaokwenda kambini, mwonyeshe daftari linavyopigwa mistari, kaa naye majina matano ya kwanza, kisha mwachie. Dada wa chuo anayeshika hazina hahitaji kuonyeshwa kalamu inavyoshikwa. Anahitaji uthibitishe mbele ya wenzake kwamba hesabu ni zake, na usimpitie pembeni kwenda kuomba fedha kwa mchungaji. Kaka wa miaka 33, huyo mpe kijana wa kumrithi, mpe na tarehe ya kukabidhi.

Njia ninayoiamini zaidi ni vikundi vidogo. Mwezi Agosti 1907 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walitoka shule za matajiri, baadhi walitoka Boys' Brigade, chama cha vijana wa Kikristo ambacho William Smith, mwalimu wa Sunday School, alikianzisha Glasgow mwaka 1883. Baden-Powell aliwagawa katika vikosi vinne vidogo, na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Baden-Powell huyo ndiye aliyezikwa Nyeri, Kenya, na utaratibu ule skauti wanautumia mpaka leo. Vijana saba wana mkubwa wao wa rika lao, naye anajua nani hakuja leo na kwa nini. Ukiwa na vijana 40 peke yako, huwezi kujua kwamba Jumamosi mbili zilizopita binti fulani amekuwa akikaa nyuma na kulia.

Yethro, baba mkwe wa Musa, aliliona hili mapema. Ni katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18: alimkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni, watu wamepanga foleni, akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu pia. Angalieni, Yethro anataja uchovu wa watu. Mlezi anayefanya kila kitu huwa anahesabu uchovu wake tu. Wale wanaosubiri mpaka yeye apate nafasi nao wanachoka, kisha wanatafuta mahali pengine.

Mkigawa kazi, tazameni mnazigawaje. Katika klabu nyingi mabinti hupewa kupika na kupokea wageni, wavulana wanapewa kipaza sauti na hazina. Badilisheni zamu. Binti wa miaka 16 aongoze kikao, kijana wa kiume aoshe sufuria, na wewe mlezi uwe wa kwanza kushika sufuria nyingine.

Kuonya: faragha, na mapema. Usimtangaze kijana kwenye mimbari wala kwenye kundi la WhatsApp. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, na katika Matendo 15 Paulo hakutaka hata kusikia habari za kwenda naye tena. Barnaba akamchukua. Miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4, Paulo yuleyule anaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Kila klabu inahitaji angalau Barnaba mmoja miongoni mwa walezi wake.

Ninaposema faragha, nina maana pembeni, mahali mnapoonekana na watu. Mlango wa ofisi haufungwi mtu mzima akiwa na mtoto mmoja. Kambini wawepo walezi wa kike na wa kiume, na hakuna mlezi anayelala chumba kimoja na watoto akiwa peke yake. Mtoto akikuelezea kwamba ametendewa vibaya, msikilize, usimwahidi kuficha, na usimalize jambo hilo kwa kikao cha wazee. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya, nayo haina malipo. Iandikeni ukutani.

Fedha nitasema kwa ufupi: wahesabu wawili, daftari wazi, risiti zibandikwe, taarifa isomwe mbele ya vijana wote.

Kuna mama amenyoosha mkono. Anauliza, na swali lake ni zuri: "Vijana wangu wamezoea kuamriwa. Nikiwauliza mnaonaje, wananyamaza. Nifanyeje?" Mama, usiwaulize wote mara moja swali kubwa. Waambie wageukiane wawili wawili kwa dakika tatu, kisha kila jozi iseme neno moja. Na anza na jambo dogo ambalo kweli uko tayari kulikubali likiamuliwa tofauti na unavyotaka: rangi ya fulana, siku ya kutembelea wagonjwa. Wakiamua, tekeleza kama walivyoamua, hata kama rangi inakuchukiza. Vijana wanyamavu mara nyingi wamekwisha kujifunza kwamba jibu lilikuwa tayari. Itachukua muda, usiwachoke.

Sasa tugawanyike kwa sharika na parokia zenu. Kila kundi lichukue karatasi, liandike ratiba ya Jumamosi ijayo tangu kufungua ukumbi mpaka kufunga, na mbele ya kila kazi liandike jina la kijana atakayeifanya. Jina la mlezi liandikwe mara moja tu. Tuna nusu saa.