Sahara Magharibi: Ombi Langu kwa Watu wa Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wetu, shikamooni. Waheshimiwa, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, ahsanteni kwa kuja.

Nina ombi moja, na nitalisema mapema ili mnipime nalo. Naomba Tanzania isimame hadharani, katika Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, idai waangalizi wa haki za binadamu wapelekwe Sahara Magharibi, nchi ya Wasahrawi kaskazini-magharibi mwa Afrika, ambayo sehemu yake kubwa inakaliwa na Moroko. Sizungumzii kesho ya mbali, mgogoro ukishaisha. Wapelekwe sasa, wakati watu wanaumia.

Historia yake nitaipitia haraka. Hispania iliishika nchi ile mwaka 1884. Mwaka 1963 Umoja wa Mataifa uliiandika kwenye orodha ya maeneo ambayo bado hayajajitawala, na imo humo mpaka leo. Hispania ilipojiandaa kuondoka, Moroko na Mauritania zikajitokeza, kila moja ikidai eneo ni lake. Suala likapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, nayo ikajibu tarehe 16 Oktoba 1975: yapo makabila yaliyokuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, lakini utii huo hauwanyimi wenyeji haki ya kujiamulia hatima yao. Wiki tatu baadaye Mfalme Hassan wa Pili wa Moroko akawavusha raia wake wapatao 350,000 kuingia nchi ile. Februari 1976 Hispania ikaondoka, na POLISARIO, chama cha Wasahrawi wanaopigania uhuru, kikatangaza Jamhuri ya Sahrawi. Mauritania ikajitoa mwaka 1979. Moroko ikabaki, na vita vikaendelea hadi Septemba 1991, Umoja wa Mataifa ulipozisimamisha Moroko na POLISARIO kwa ahadi ya kura ya maoni, wenyeji wachague uhuru au kuwa sehemu ya Moroko. Kura hiyo haijapigwa. Novemba 2020 hata usitishaji mapigano wenyewe ulivunjika.

Katikati ya nchi hiyo umepita ukuta wa mchanga na mawe, urefu wake kiasi cha kilomita 2,700, wenye vituo vya askari na mabomu mengi yaliyotegwa ardhini. Moroko iliujenga miaka ya 1980. Magharibi yake kuna miji, bahari yenye samaki, na mgodi wa Bou Craa wa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Mashariki yake ni jangwa, kisha kambi za wakimbizi za Tindouf, ndani ya Algeria. Kambi hizo wamezipa majina ya miji waliyoikimbia: El Aaiún, Smara, Dakhla, Awserd, Boujdour. Mtoto anazaliwa katika Smara ya mahema na matofali ya udongo, na Smara yenyewe hajawahi kuiona. Wapo wajukuu wa wakimbizi wa kwanza ambao sasa nao wana watoto.

Sasa nije kwenye mateso yenyewe, maana neno "ukiukwaji" tumelizoea mno, linapita masikioni bila kugusa kitu.

Novemba 2009 Aminatou Haidar, mama wa watoto wawili, alitua uwanja wa ndege wa El Aaiún akirudi nyumbani. Ujanani mwake aliwahi kuwekwa kizuizini kwa siri tangu 1987 hadi 1991, familia yake haijui yuko wapi. Pale uwanjani akapewa kadi ya kujaza, kama sisi sote tunavyojaza tukisafiri. Kwenye makazi akaandika Sahara Magharibi, na uraia wa Moroko akakataa kuuandika. Wakamnyang'anya pasipoti na kumpandisha ndege kwenda Lanzarote, kisiwa cha Hispania. Akagoma kula pale pale uwanja wa ndege kwa siku 32, mpaka serikali kubwa zilipoingilia akarudishwa kwake. Yote hayo ni kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kadi.

Mwaka uliofuata maelfu ya Wasahrawi walipiga mahema Gdeim Izik, nje ya mji huo huo wa El Aaiún, wakidai kazi na nyumba. Tarehe 8 Novemba 2010 vikosi vikaivunja kambi. Watu walikufa, wakiwemo askari wa Moroko, na hilo lisifichwe. Lakini sikilizeni kilichofuata. Raia walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 2013, na wengi wao wakafungwa kati ya miaka 20 na maisha. Mmoja wao, Naâma Asfari, alilalamika kwamba aliteswa ili akiri. Mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ikamkubalia: Moroko imevunja mkataba. Kesi ikasikilizwa upya mwaka 2017 kwenye mahakama ya kiraia, na Asfari akabaki na miaka yake 30.

Na Sultana Khaya wa Boujdour, aliyepoteza jicho katika maandamano ya wanafunzi mwaka 2007, tangu Novemba 2020 alizingirwa na askari nyumbani kwake, pamoja na dada yake na mama yao mzee, kwa zaidi ya mwaka mzima.

Mtauliza: Umoja wa Mataifa si upo pale? Upo. Tume yake inaitwa MINURSO, iliundwa kwa azimio namba 690 la Aprili 1991. Ila haikupewa jukumu la kufuatilia haki za binadamu. Ni kama kijiji kimemweka mgambo kwenye shamba la ugomvi, kikamwambia ahesabu mipaka tu, mtu akipigwa mbele yake asiandike. Mwaka 2013 Marekani ilipendekeza kasoro hiyo irekebishwe. Moroko ikapinga vikali, na pendekezo likaondolewa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo haijaruhusiwa kuingia tangu 2015. Mwaka baada ya mwaka Baraza la Usalama linaongeza muda wa tume hii na kuliacha pengo lile lile. Azimio la mwisho, namba 2797 la Oktoba 2025, limekwenda mbali zaidi: limeuchukua mpango wa Moroko wa mamlaka ya ndani, yaani Wasahrawi wajiendeshee mambo yao wakiwa chini ya Moroko, kuwa msingi wa mazungumzo.

Mimi naamini Wasahrawi wapige kura yao. Najua humu wapo wanaoona mpango wa Moroko ndiyo njia ya amani. Hata kwao ombi langu linasimama. Serikali yenye hakika kwamba watu wanaipenda itaogopa nini mtu akija kuwauliza?

Na waangalizi waende Tindouf pia. POLISARIO iliwashikilia wafungwa wa vita wa Moroko miaka na miaka. 404 wa mwisho waliachiwa Agosti 2005, wengine wakiwa wamekaa karibu miaka ishirini. Wakosoaji ndani ya kambi wanahitaji ulinzi vilevile. Sitetei chama, natetea watu.

Kwa nini nayasema haya Dodoma? Kongwa iko hapo jirani. Tangu 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Angola, Afrika Kusini na Zimbabwe walipiga kambi pale, na wengine wamezikwa pale. Wakati huo hatukusema mambo ya Windhoek hayatuhusu. Mwaka 1978 Tanzania iliitambua Jamhuri ya Sahrawi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 20, unawapa watu walio chini ya ukoloni haki ya kusaidiwa na nchi wanachama. Sisi tumeuridhia, Moroko haijauridhia.

Tena tumeshaambiwa na mahakama. Tarehe 22 Septemba 2022, pale Arusha, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ambayo Tanzania ilikuwa mmoja wa walalamikiwa, kwa madai kwamba tuliiacha Moroko irudi Umoja wa Afrika mwaka 2017 huku ikiikalia Sahara Magharibi. Hatukupatikana na hatia. Lakini Mahakama ilisema ukaliaji ule haupatani na haki ya Wasahrawi ya kujiamulia, na kwamba kila nchi ina wajibu wa kuwasaidia. Hukumu hiyo tuliisoma wangapi?

Oktoba 2016 Mfalme Mohammed wa Sita alipokuja nchini, Rais Magufuli alimwomba atujengee uwanja mkubwa wa mpira hapa Dodoma, na mfalme akakubali. Urafiki na Moroko ni jambo jema. Wananchi wake ni Waafrika wenzetu. Rafiki wa kweli huambiwa ukweli, na msaada wowote hauwezi kuwa bei ya ukimya wetu.

Kuna atakayesema tumalize kwanza ya kwetu. Ni kweli hatujamaliza. Mwaka 2019 serikali yetu ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe Mahakama ya Arusha, na mimi nataka lirudishwe. Nadai yote mawili.

Bunge la bajeti huanza Aprili, hapa hapa mjini. Hotuba ya Wizara ya Mambo ya Nje itasomwa. Waheshimiwa mliomo humu, simameni siku hiyo mwulize: je, Tanzania itaomba waangalizi wa haki za binadamu kabla muda wa MINURSO haujaisha tarehe 31 Oktoba 2026? Na je, tumefanya nini kutekeleza hukumu ya Arusha? Vijana, waandikieni wabunge wa majimbo yenu maswali hayo hayo mawili, kwa majina yenu, kabla hotuba haijasomwa. Karatasi ziko pale mezani kwa atakayependa kuanza leo.